Mkazo Uliojificha Ndani ya Metali, na Namna ya Kuupima

(Maandishi ya mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa Halmashauri za vyama vya msingi)



Ichukuliwe hali ifuatayo, ambayo kila katibu aliyewahi kuhesabu mali ghalani ataielewa bila maelezo marefu. Chama cha msingi kimenunua mabomba 40 ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, ambayo silinda za pampu zake ni za shaba ya manjano. Mabomba yamepokelewa mwezi wa Februari, yamehesabiwa, yameingizwa katika daftari la ghala na kupangwa kando ya ukuta yakiwa bado katika karatasi zake. Masika yamekuja na kupita. Siku ya kuwagawia wanachama, karatasi zinafunguliwa na silinda 11 zinakutwa zimepasuka kwa urefu wake. Mtunza ghala anaitwa mbele ya Halmashauri. Anaapa kwamba hakuna bomba lililoanguka, wala hakuna aliyelitumia. Haaminiwi, maana ni nani aliyepata kuona metali ikijipasua yenyewe? Inaandikwa kwamba hasara imetokana na uzembe, na kwamba thamani ya mabomba 11 ikatwe katika mshahara wake mpaka ilipwe yote.

Huenda mtunza ghala huyo amesema kweli tupu. Metali huweza kujipasua yenyewe, bila kuguswa, na jambo hilo lilikwisha chunguzwa na kuthibitishwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ipo pia njia ya kupima na kujua, kwa msumeno na kalipa, kama silinda zilizobaki zina hatari hiyo ndani yake au hazina. Halmashauri inayomhukumu mtu kabla ya kufanya kipimo hicho inahukumu kwa kukisia.

Habari yenyewe ilianza kujulikana sana India, wakati jeshi la Uingereza lilipokuwa likitunza risasi zake huko. Maganda ya risasi yalitengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, kwa kuikandamiza na kuivuta ikiwa baridi mpaka ikawa kijiganda chembamba kama kikombe kirefu. Risasi ziliwekwa katika mazizi ya farasi wakati wa mvua. Mvua zilipokwisha, maganda mengi yalikutwa na nyufa, ingawa hakuna bunduki iliyofyatuliwa. Kwa kuwa nyufa zilionekana kufuata majira, Waingereza waliuita ugonjwa huo kupasuka kwa majira. Mwaka 1921 watafiti watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walichapisha maelezo yaliyoondoa fumbo. Mkojo wa farasi hutoa hewa ya amonia. Amonia, pamoja na unyevu, huila shaba ya manjano, lakini haiipasui kila mahali, bali huipasua pale tu ambapo metali imekwisha vutwa kwa nguvu. Na maganda yale yalikuwa yamevutwa tangu kiwandani, kwa nguvu iliyobaki ndani yake baada ya kufinyangwa. Walionyesha vilevile dawa yake: kuyapasha maganda joto la kiasi baada ya kuyafinyanga, ili nguvu hiyo ilegee.

Hapo ndipo penye neno linalohitaji kueleweka vizuri, yaani mkazo uliosalia.

Chukua waya mnene, uukunje kwa mikono, kisha uuachie. Utaona waya unarudi nyuma kidogo, halafu unatulia katika umbo jipya. Kurudi kule kidogo kunaonekana kwa macho, lakini mambo yaliyotokea ndani hayaonekani. Upande wa nje wa pindo ulivutwa kupita uwezo wake ukakubali urefu mpya. Upande wa ndani ulibanwa ukakubali ufupi mpya. Lakini kiini cha waya, kilicho katikati, hakikufikishwa mbali kiasi hicho. Kiini bado kinataka kurudi kwenye unyoofu wake wa zamani, ila tabaka za nje zinakizuia. Kila moja inaivuta nyingine, na mvutano huo hautoki hata waya ukilala mezani miaka kumi. Wahandisi wamekokotoa kwamba bapa la metali likipindwa mpaka unene wake wote ukakubali umbo jipya, basi baada ya kuachiwa, uso wa ndani wa pindo hubaki umevutwa kwa nguvu inayokaribia nusu ya ile inayotosha kuifanya metali hiyo ikubali. Ajabu yake ni kwamba uso uliobaki umevutwa ndio ule uliokuwa ukibanwa wakati wa kupinda. Mtu anayetafuta ufa upande wa nje peke yake anaweza kuukosa.

Wapasua mbao wanalijua jambo linalofanana na hili, ingawa hawaliiti kwa jina. Gogo la mkaratusi likikatwa, miisho yake hupasuka, na ubao wa kwanza unaotoka msumenoni hujipinda hapo hapo kama upinde. Mti ulikua ukiwa na mvutano ndani yake, nje ukivutwa na katikati ukibanwa. Gogo zima lilionekana limetulia. Msumeno haukuleta upindo ule, uliufungulia tu.

Na mfano huo wa gogo ndio msingi wa karibu kila njia ya kupima mkazo uliosalia. Mkazo wenyewe hauwezi kushikwa wala kuwekwa kwenye mizani. Kinachowezekana ni kuufungulia, kwa kukata au kutoboa, na kupima kwa uangalifu metali imesogea kiasi gani, kisha kurudi nyuma kwa hesabu. Shida ni kwamba metali husogea kidogo sana. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kukubali umbo jipya kikivutwa kwa nyutoni 250 hivi kwa kila milimita mraba, na kabla ya kufika hapo fimbo yake ya mita moja huwa imerefuka kwa milimita moja na robo tu. Katika kipande cha sentimita 10 ni sehemu ya nane ya milimita. Jicho haliwezi kuona hayo, na rula ya shule ni bure kabisa.

Hata hivyo, mrija au silinda yenye ukuta mwembamba ina bahati yake. Ukiipasua kwa urefu, mkazo mdogo unatoa mwendo mkubwa unaopimika. Kwa hiyo kipimo cha silinda za mabomba kinaweza kufanyika katika karakana yoyote yenye kalipa, nacho ni hiki.

Ichaguliwe silinda moja nzima, isiyo na ufa, ya shehena ile ile iliyopasuka. Ikatwe kipande chenye urefu wa kama mara mbili ya kipenyo chake, mbali na mahali palipochomelewa kwa risasi. Ncha zisuguliwe kwa tupa zisiwe na makombo. Upimwe unene wa ukuta. Upimwe kipenyo cha nje mahali patatu, ichukuliwe wastani, kisha upunguzwe unene mmoja, ili kipatikane kipenyo cha katikati ya ukuta. Halafu kipande kipasuliwe kwa urefu wake, upande mmoja tu, kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, taratibu na kwa kumwagia maji, kwa sababu msumeno unaokimbizwa hupasha joto, na joto huharibu kile kinachotafutwa. Kipenyo kipimwe tena, kwa kukingama na mkato, si kwa kupitia mkatoni.

Ikiwa kipande kimefunguka, uso wa nje ulikuwa umevutwa na wa ndani umebanwa. Ikiwa kimejifunga na kuung'ata msumeno, ni kinyume chake. Ikiwa kimebaki kama kilivyokuwa, au kimesogea kwa upana wa unywele, mkazo wa namna hiyo haumo au ni mdogo, na Halmashauri itafute sababu nyingine ya hasara yake.

Hesabu yake si ngumu kuliko ya kugawa malipo ya pili. Tuseme kipenyo cha katikati kilikuwa milimita 50, ukuta una unene wa milimita 1, na baada ya kupasuliwa kipenyo kimekuwa milimita 52. Gawanya 1 kwa 50, upate 0.02. Gawanya 1 kwa 52, upate 0.01923. Toa ya pili katika ya kwanza, ibaki 0.00077. Zidisha kwa unene wa ukuta, halafu zidisha kwa kiasi cha ukaidi wa metali dhidi ya kuvutwa, ambacho kwa shaba ya manjano ni kama nyutoni 100,000 kwa milimita mraba, na kwa chuma ni kama 200,000. Jibu ni nyutoni 77 hivi kwa kila milimita mraba. Ni kama kusema kwamba katika uso wa nje wa silinda ile, iliyokaa kimya ndani ya karatasi yake, kila milimita mraba moja imening'inizwa uzito wa karibu kilo 8, mchana na usiku, tangu siku iliyotoka kiwandani.

Isidhaniwe kwamba namba hiyo ni ukweli wote. Mkato mmoja unafungua sehemu ile tu ya mkazo inayotaka kuukunjua ukuta. Tabaka nyembamba za juu kabisa zinaweza kuwa na zaidi. Wala haipo namba moja ambayo chini yake kila silinda ni salama, kwa kuwa amonia ikiwa nyingi na muda ukiwa mrefu, mkazo mdogo nao hutosha. Lakini kwa swali lililo mbele ya Halmashauri, yaani kama silinda zilipasuka kwa kuangushwa au kwa kuvutwa na nguvu iliyomo ndani yake, silinda moja iliyokatwa inasema mengi kuliko mashahidi kumi.

Ufa wenyewe nao una lugha yake. Silinda iliyoangushwa huwa na bonyeo mahali ilipogonga, na ufa, kama upo, huanzia hapo. Silinda iliyopasuka kwa mkazo haina bonyeo. Ufa wake mara nyingi hufuata urefu wa mrija, ukuta haukukonda kandokando yake, na midomo ya ufa imeachana kidogo. Kuachana huko ndiko kufunguka kule kule ambako msumeno ungekuleta, isipokuwa kazi imefanywa na amonia badala ya msumeno.

Makatibu wengi watasita hapa. Kumwomba mwenyekiti aridhie kukatwa kwa bomba zima, jipya, lililolipiwa kwa fedha za wanachama, si ombi jepesi. Na wapo watakaosema kwamba mkaguzi amekuja kuongeza hasara ya 11 iwe 12. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini inasahau mabomba 28 yatakayobaki. Kama yana mkazo, yatapasuka mikononi mwa wanachama katikati ya msimu, dawa ikiwamo ndani na migongo ya watu ikiwa chini yake.

Sasa, amonia inaingiaje katika ghala lisilo na farasi? Inaingia kwa milango mingi. Yurea iliyomwagika na kulowa juu ya sakafu ya udongo huchacha na kutoa amonia. Salfeti ya amonia ikigusana na chokaa mbichi au majivu katika unyevu hutoa amonia pia, na maghala mengi yanapigwa chokaa kila mwaka bila mtu kufikiri. Banda la ng'ombe lililoegemea ukuta wa ghala ni ndugu halisi wa zizi la farasi la India. Kwa hiyo, kama kipimo kimeonyesha mkazo na mabomba yalikuwa yamepangwa jirani na mbolea, sababu ni mbili zilizokutana. Mtengenezaji alituma silinda ambazo hazikupashwa joto la kulegeza mkazo, na ghala likazipa amonia. Mtunza ghala hana dhambi katika la kwanza. Katika la pili, iulizwe kwanza ni nani aliyepata kumwambia. Maagizo ya utunzaji yanayobandikwa maghalani hutaja panya, moto na wizi, na ni mara chache yataje kwamba shaba isilale na mbolea.

Siku hizi mabomba ya plastiki yameenea, na wengine watasema jambo hili limepitwa na wakati. Lakini koki, viungio, midomo ya kunyunyizia na mirija mirefu ya mkononi bado ni ya shaba ya manjano katika vyama vingi, na mabomba ya zamani hayajatupwa.

Mkazo uliosalia haukai katika shaba peke yake. Mashine ya kukoboa au ya kusaga ikipindika shafti, fundi huinyosha ikiwa baridi, kwa jeki au kwa nyundo, naye huirudisha ikiwa imenyooka kabisa. Kisha anaichonga mfereji wa kabari ya gurudumu, na shafti inapinda tena, kuelekea upande ule ule wa zamani. Chama hulalamika kwamba fundi ni mwongo. Si mwongo. Alipoinyosha, upande uliotuna ulibanwa kwa nguvu na baada ya kuachiwa ukabaki umevutwa. Upande wa pili ukabaki umebanwa. Achonge upande wowote kati ya hizo mbili, anaondoa kizuizi, na shafti inarudi ilikotoka. Kosa lake ni la mpangilio: angechonga kwanza, au angeipasha shafti joto la kulegeza mkazo baada ya kuinyosha na kabla ya kuichonga, joto ambalo kwa chuma cha kawaida ni kama nyuzi 550 hadi 650 za Selsiasi, na kuiacha ipoe polepole. Katibu anayepeleka shafti karakanani aandike sharti hilo katika barua ya kazi, asiliache kwa mdomo.

Viwanda na vyuo vina njia nyingine za kupima, nazo zitajwe kwa kifupi ili mtu akizisikia asidanganyike. Mwaka 1911 Heyn na Bauer huko Ujerumani walichukua fimbo zilizovutwa baridi, wakazichonga kwa kerezo tabaka baada ya tabaka, wakipima kila mara urefu wa fimbo iliyobaki ulivyobadilika. Mwaka 1927 Sachs, Mjerumani vilevile, alitoboa fimbo na mirija kutoka katikati kwenda nje, akipima urefu na kipenyo pamoja. Mwaka 1934 Mathar alionyesha kwamba yatosha kutoboa tundu dogo na kupima jinsi metali inavyosogea pembeni mwake. Njia hiyo ilipata nguvu baada ya kugunduliwa kwa vipande vyembamba vya waya vinavyobandikwa juu ya metali, ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika metali inaporefuka au kufupika hata kwa sehemu moja ya milioni. Vitatu hubandikwa kuzunguka tundu la milimita chache, kwa kuwa mkazo una pande zake na kipimo kimoja hakitoshi kuzijua. Faida yake ni kwamba kifaa hakiharibiki chote.

Eksirei hupima bila kukata kabisa, kwa kuangalia umbali kati ya safu za atomu, ambao huongezeka metali inapovutwa. Lakini katika chuma huona kina cha sehemu chache za elfu ya milimita tu. Nyutroni huona sentimita kadhaa, ila zinahitaji tanuri la atomiki au mtambo mkubwa mfano wake.

Viwanda vya shaba vilizoea pia kuchovya vipande katika maji ya chumvi ya zebaki na kungoja. Chenye mkazo mkubwa hupasuka katika dakika chache. Njia hiyo hutoa jibu la ndiyo au hapana bila kiasi, nayo ni sumu kali kwa mtu na kwa maji. Isijaribiwe katika chama chochote.

Inafaa pia ieleweke kwamba mkazo uliosalia hauwi adui sikuzote. Bapa za springi za malori hupigwa kwa makusudi kwa mvua ya vipira vidogo vya chuma, ili uso wake ubaki umebanwa, maana ufa haufunguki kwa urahisi mahali palipobanwa. John Almen wa kampuni ya General Motors, Marekani, aliipatia kazi hiyo kipimo chake: kibati chembamba hufungwa kwa skrubu juu ya pande la chuma, hupigwa upande mmoja, kisha hufunguliwa, na kimo cha upinde wake ndicho kiasi cha kazi iliyofanyika. Fundi anayechukua springi ya lori la chama na kuisugua kwa jiwe la umeme mpaka ing'ae, au kuipasha moto ili kuikunja upya, anaondoa kinga hiyo bila kujua.

Kuhusu mabomba yale 40, utaratibu wa kiofisi ni huu. Hasara isiingizwe katika leja kwa jina la mtu kabla ya kipimo. Halmashauri ikutane na kupitisha azimio la kukata silinda moja, na muhtasari utaje namba ya bomba, tarehe ya kupokelewa, jina la muuzaji, mahali lilipokuwa limewekwa na mbolea zilizokuwa jirani. Ukataji ufanywe mbele ya mtunza ghala mwenyewe na wajumbe wawili, na vipimo viandikwe hapo hapo, kabla na baada, vikiwa na sahihi zao. Kama kipande kimefunguka, barua ya madai iende kwa muuzaji pamoja na nakala ya vipimo, ikimtaka aonyeshe kama silinda zilipashwa joto baada ya kufinyangwa. Na mabomba yaliyobaki yahamishiwe chumba kikavu kisicho na mbolea, yasigawiwe mpaka jibu lije. Silinda 11 zilizopasuka zisiuzwe kama chuma chakavu. Kipande kilichokatwa kifungwe kwa waya pamoja na karatasi ya vipimo, kiwekwe ndani ya kasha la fedha la chama mpaka siku ya ukaguzi.